Meza ya Mwindaji

Katika majimbo ya mashambani ya Marekani, kama vile Montana, Wyoming na Pennsylvania, ziko nyumba nyingi ambamo nyama ya kulungu wa porini ni sehemu ya chakula cha mwaka mzima. Msimu wa kuwinda unapokaribia, kazi ya kwanza haifanyiki porini bali nyumbani, usiku, watoto wakisha kulala. Mwindaji huketi mbele ya meza yenye taa kali, akajaza upya maganda ya risasi alizozipiga mwaka uliopita. Kwa macho ya mgeni ni kazi ndogo ya mikono, mfano wa kushona viatu au kutengeneza saa. Lakini kosa la kazi hii halilipwi saa ile linapotendeka. Hulala ndani ya ganda miezi mingi, likimngoja mtu hadi siku atakapoegemeza shavu lake kwenye kitako cha bunduki.

Bunduki inayopendwa na wengi wa wawindaji hao ni ile ya wenzo. Chini ya kifyatulio chake kuna chuma kilichopindwa mfano wa pete ndefu, ambamo vidole vya mkono hupita. Chuma hicho kikisukumwa chini na mbele, ganda lililokwisha kupigwa hurushwa nje. Kikirudishwa, risasi mpya huingia mahali pake. Benjamin Tyler Henry alipewa hataza ya bunduki ya namna hiyo mwaka 1860, na kampuni ya Winchester ikaiendeleza kwa bunduki zake za mwaka 1866 na 1873. Mwaka 1894 ikatoka ile iliyobuniwa na John Browning, nyembamba na nyepesi kubeba, ambayo iliendelea kutengenezwa mjini New Haven hadi mwaka 2006, na idadi yake ikapita milioni 7. Kwa sababu hiyo si ajabu kumkuta kijana akiwinda kwa bunduki iliyonunuliwa na babu yake.

Watu wa Afrika Mashariki nao walipata kuiona silaha ya ukoo huo. Theodore Roosevelt, alipokwisha kuuacha urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, na miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya wenzo ya namna ya mwaka 1895. Safari yake ilipita katika nchi iitwayo leo Kenya, ikaingia Uganda na eneo la Lado lililokuwa mikononi mwa Ubelgiji, ikaishia Khartoum mwezi wa Machi 1910. Bunduki hiyo ya Roosevelt ilitofautiana na ndugu zake kwa jambo moja: risasi zake zilikaa ndani ya kisanduku, moja juu ya nyingine. Katika bunduki nyingi za wenzo mpango si huo. Risasi hupangwa katika bomba refu lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kama watu waliopanga foleni katika njia nyembamba.

Foleni hiyo ndiyo inayomfundisha mjaza risasi somo lake la kwanza. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba iliyochanganywa na zinki, fataki, ambayo ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, baruti, na kichwa, yaani kile kirukacho kwenda kwa mnyama. Fataki ikigongwa huwaka na kuiwasha baruti. Basi ndani ya bomba, ncha ya kila kichwa hugusa kitako cha risasi iliyo mbele yake, papo hapo penye fataki. Bunduki inapolia na kurudi nyuma kwa kishindo, foleni nzima hutikisika. Kama kichwa kina ncha kali na ngumu, chaweza kuigonga fataki ya jirani na kuiwasha ndani ya bomba, karibu kabisa na mkono wa kushoto wa mpigaji. Kwa hiyo risasi za bunduki hizo zilipewa vichwa bapa au vya mviringo, na hata vile vyenye ncha vilivyobuniwa baadaye kwa ajili yake hutiwa ncha laini inayobonyea. Mtu anayejaza risasi kwa mkono, akaona kichwa chembamba kilichochongoka akakipenda kwa kuwa hukata upepo vizuri, hana budi kukiacha. Hapo haulizwi apendalo bali lile ambalo bomba laweza kulihimili.

Jambo la pili ni ganda. Katika bunduki nyingi za wenzo, kitasa kinachofunga nyuma ya risasi hushikwa kwa nyuma, si kwa mbele karibu na risasi yenyewe, kwa hiyo chuma hunyumbuka kidogo kila mlio, na ganda hurefuka. Shaba inayorefuka hukonda mahali fulani, na hukonda zaidi karibu na kitako chake. Ndiyo maana mjazaji mwangalifu huanza kwa kulikagua kila ganda mbele ya taa. Lenye ufa mdomoni hutupwa. Lenye mstari wa kung'aa unaolizunguka kuelekea kitako hutupwa pia, kwa sababu mstari huo ni dalili kwamba siku moja litakatika vipande viwili ndani ya bunduki. Yaliyobaki husafishwa, hupakwa mafuta mepesi, husukumwa ndani ya kalibu ya chuma ili yarudie umbo lake, kisha hupimwa urefu na kukatwa yakizidi. Baadaye hupachikwa fataki mpya, hutiwa baruti, na mwishoni kichwa hukazwa na mdomo wa ganda kubanwa katika mfuo wake. Mbano huo nao una sababu: risasi iliyo foleni ndani ya bomba husukumwa na springi upande mmoja na kishindo upande wa pili, na kichwa kisichobanwa hurudi ndani, kikaipunguzia baruti nafasi na kuongeza nguvu ya mlipuko kupita kiasi.

Hata hivyo hofu kubwa ya meza hiyo ni baruti. Wamarekani huipima kwa punje, na ratili moja ni punje 7,000. Majina ya baadhi ya risasi za zamani yamehifadhi vipimo hivyo: ile iitwayo 44-40 ilitiwa punje 40 za baruti nyeusi, na 30-30, iliyotoka mwaka 1895, ilianza na punje 30 za baruti isiyotoa moshi. Mtu asidhani kwamba majina hayo ni mwongozo wa kufuata leo. Baruti nyeusi, ambayo wenye magobore wa Afrika Mashariki waliijua kwa vizazi vingi, ilijazwa ganda likajaa. Baruti isiyotoa moshi ina nguvu zaidi sana, na aina zake ni nyingi. Kipimo kilicho salama kwa aina moja chaweza kupasua bunduki kwa aina nyingine, ijapokuwa zafanana kwa rangi. Bunduki kuukuu iliyoundwa enzi za baruti nyeusi nayo haifai kutiwa risasi za nguvu za siku hizi. Kila aina ina kitabu chake cha vipimo kilichotolewa na watengenezaji, na mwenye busara huanza na kipimo cha chini, asikipite cha juu hata kwa punje moja.

Tena, kwa kuwa baruti hiyo huchukua nafasi ndogo, yako maganda mapana ambayo yaweza kupokea kipimo mara mbili bila ya kufurika. Simu ikilia, au mtoto akiamka na kuita, mkono uliokuwa umekwisha kutia baruti hurudi na kutia tena. Kuna na kosa la kinyume chake: ganda lililorukwa likakosa baruti kabisa. Hilo fataki yake hulia kwa sauti hafifu, kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Mwindaji asiyetia maanani akapiga risasi ya pili, huikuta njia imezibwa, na mtutu hupasuka. Kwa sababu hiyo maganda hupangwa wima katika ubao wenye matundu, na kabla ya kichwa chochote kutiwa, taa huinamishwa juu yake ili jicho lipite kutoka tundu hadi tundu likilinganisha kina cha baruti. Ukaguzi huo hauchukui dakika mbili. Aina moja tu ya baruti huwekwa mezani, katika mkebe wake wa asili wenye jina, na sigara haikaribii.

Sheria ya Marekani humruhusu mtu kujitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuzifanya biashara ndipo anapohitaji leseni. Basi hakuna mkaguzi anayefika nyumbani kwake, wala hakuna kiwanda cha kulaumiwa. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kulinena jambo hilo: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Bunduki yenyewe nayo yadai uangalifu wa namna hiyo. Bunduki nyingi za wenzo zimefungwa kwa nyuma, na ufito wa kusafishia hulazimika kuingilia mdomoni mwa mtutu. Mdomo huo ndio kitu cha mwisho ambacho risasi hukigusa. Ukikwaruzwa na ufito, shabaha huharibika. Wenye kujua huuvika ufito kizibo cha kuulinda mdomo. Katika bunduki za Marlin skrubu moja ya wenzo ikitolewa, wenzo na kitasa hutoka, na mtutu waweza kusafishwa kwa nyuma. Skrubu hulegea kwa kishindo, na hukazwa kwa bisibisi inayoenea kikamilifu katika mfuo wake, maana skrubu iliyochunwa kichwa hutangaza kwa kila mtu uzembe wa mwenyewe. Mafuta hupakwa kidogo tu: yakizidi hutiririka hadi kwenye fataki na kuiua, na katika baridi kali ya Montana huganda, wenzo ukawa mzito. Bunduki iliyotoka barafuni ikaingizwa penye moto hutoa jasho kama chupa ya maji baridi, na jasho hilo ni kutu ya kesho. Risasi zilizobaki hutolewa nje ya nyumba, mdomo wa mtutu ukielekezwa mahali salama, kwa sababu katika bunduki nyingi za zamani haziwezi kutoka ila kwa kupitishwa moja moja mahali pa kupigia.

Kutoka hapo habari huingia jikoni. Kwa Kiswahili madini ya risasi na kitu kitokacho katika bunduki vina jina moja, na jina hilo ni onyo tosha. Madini hayo ni sumu, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima, hasa katika ubongo unaokua. Kichwa cha risasi chenye madini hayo kikimpiga mnyama humeguka vipande vidogo sana, vingine visivyoonekana, ambavyo hutawanyika mbali na jeraha. Mwaka 2008 maofisa wa afya wa jimbo la North Dakota waliwaambia wagawaji wa chakula cha msaada wasiitumie nyama ya kulungu ya kusaga waliyokuwa wamepewa na wawindaji, baada ya vipande hivyo kugunduliwa ndani yake. Jimbo la California limewalazimisha wawindaji wote kuacha vichwa vya madini hayo tangu tarehe 1 Julai 2019. Mjaza risasi anaweza kuchagua vichwa vya shaba tupu, lakini kwa kuwa shaba ni nyepesi na kichwa chake huwa kirefu zaidi, lazima afuate vipimo vyake maalumu. Kwa vyovyote, nyama iliyo karibu na jeraha hukatwa kwa ukarimu na kutupwa, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Meza ya kujazia risasi haipaswi kuwa meza ya kulia.

Linabaki daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika kazi hii inayopotea si mali tu. Kila sanduku la risasi huandikwa tarehe, aina ya baruti, uzito wake, kichwa kilichotumika, na idadi ya mara ambazo maganda yake yamekwisha kujazwa. Faida ya maandishi hayo huonekana zaidi mwenyewe anapokuwa hayupo. Mara nyingi mzee hufariki akaacha bunduki nzuri ukutani, na chini ya meza mkebe wa risasi za mkono wake, zinang'aa, hazina hata neno moja lililoandikwa. Mwanawe hutamani kuzipiga kwa heshima ya marehemu. Wawindaji wazoefu humshauri asizipige hata moja. Bunduki na aichukue, aipeleke kwa fundi ikakaguliwe, naye awinde nayo. Risasi zile zitenganishwe, baruti yake isiyojulikana itupwe, na maganda yaanze upya mbele ya taa, kwa mkono wa mtu anayejua anachokitia.