Mwezi wa Agosti, Limuru na Kericho

Msafiri atokaye Nairobi asubuhi katika mwezi wa Agosti, akaenda kwa njia ya Limuru, Nakuru na Kericho hata Kisumu, hupita katika hali mbili za hewa zisizofanana hata kidogo. Asubuhi huweza kukuta ukungu mzito kiasi cha kutomwona ng'ombe aliye upande wa pili wa barabara, na alasiri ile ile akasikia radi. Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner, hutoa kila mwaka utabiri wa Juni, Julai na Agosti, na ndani yake hutenga nyanda za juu zilizo mashariki mwa Bonde la Ufa na zile zilizo magharibi mwake. Wengi wetu husikia maneno hayo katika redio tukayapita kama salamu. Lakini kwa mkulima mpaka huo ndio habari yenyewe.

Tuanze na Limuru, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,200 na zaidi. Katika miezi hii pepo za kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi, nazo ni za baridi, kwa kuwa upande wa kusini wa dunia uko katika kipupwe. Zikifika bara hulazimika kupanda mwinuko, na hewa ikipanda hupoa zaidi, hata unyevu uliomo ukageuka wingu. Wingu hilo haliendi juu sana, kwa maana juu yake kuna hewa yenye joto zaidi inayolizuia kama kifuniko cha chungu; basi hutandaa tu. Mtu wa Nairobi huliona juu ya kichwa chake, akasema leo hakuna jua. Mtu wa Limuru au Kimende amekaa ndani yake, naye huliita ukungu. Ni kitu kimoja.

Manyunyu yake hayajazi hata ndoo, lakini hulowesha kila kitu. Majani ya viazi huoza shambani. Mahindi yaliyovunwa hayakauki uani, na nafaka itiwayo ghalani ikiwa mbichi huota kuvu yenye sumu. Jambo hili si dogo: mwaka 2004, huko Ukambani, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya namna hiyo.

Kutoka hapo barabara ya zamani huteremka ukingo wa Bonde hata Mai Mahiu. Ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano katika miaka ya 1940, na kanisa lao dogo lingali kando yake. Ukungu ukiwapo, dereva mwenye busara hupunguza mwendo na ukali wa taa zake pia, kwa sababu ukungu huurudisha mwanga machoni pake mwenyewe. (Madereva wengine, kwa bahati mbaya, huona fahari kupita gari la mbele wasipoona chochote.) Halafu, mara nyingi, wingu hukatika ghafula, na mlima Longonot unaonekana katika jua. Hewa ile ile iliyopoa ikipanda hupata joto ikishuka, na wingu huyeyuka.

Baada ya Nakuru barabara hupanda tena milima ya Mau, na hapo mtu huingia katika nchi nyingine. Asubuhi ya Agosti pale Kericho huweza kuwa njema sana, jua likimulika majani ya chai, hata mgeni akaacha koti lake nyumbani. Mwenyeji hafanyi hivyo. Jua hilo linaipasha nchi joto, na upepo wa Ziwa Victoria, lenye eneo la kilometa za mraba 68,000 hivi, huanza kupanda kuelekea milimani. Huko hukutana na pepo za mashariki. Hewa yenye unyevu, ikikosa njia nyingine, huenda juu kwa nguvu, na kufika saa nane au saa tisa mawingu meusi yamesimama kilometa 10 na zaidi kwenda juu. Hapo ndipo radi hulia, na mara nyingi mvua ya mawe huanguka. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na mvua hiyo, nayo huweza kuharibu shamba la chai kwa dakika chache. Katika miaka ya 1960 wataalamu walijaribu kuipunguza kwa roketi, kisha kwa ndege zilizotia dawa mawinguni. Hata leo mawe yangali yanaanguka.

Radi huua watu na mifugo katika nchi hizi, na hasa Kisii. Ukiona umeme, hesabu: kila sekunde 3 kabla ya ngurumo ni kama kilometa moja. Zikiwa chini ya 30, acha jembe na uingie nyumbani, wala usikimbilie chini ya mti.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na dhoruba huinuka juu ya maji yenyewe, saa zile zile wavuvi wa omena wako nje na taa zao.

Basi redio ikisema magharibi kutakuwa na ngurumo alasiri, mtu wa Kericho aanike mahindi asubuhi na ayaanue ifikapo saa saba. Ikisema mashariki kutakuwa na vipindi vya jua, mtu wa Limuru asihangaike asubuhi. Angoje saa sita, wingu linapopasuka, naye aweke turubai karibu.