Tundu la Pini na Uzito wa Nyuzi

Juma hili twaomba tutafakari pamoja juu ya jambo dogo: tundu la pini katika daraja la gitaa. Katika vigango vingi vya Ngara na Biharamulo gitaa moja huhudumia kwaya nzima kwa miaka mingi, na likiharibika, vipuri havipatikani jirani. Ndiyo maana twafurahi kuwaona vijana maseremala wakijifunza kuunda na kutengeneza ala hii wenyewe.

Ala ya jadi ya ukanda wetu haikuhitaji pini. Inanga ya Burundi na Rwanda, ambayo Wahaya huiita enanga, huchongwa katika kipande kimoja cha mti. Uzi mmoja mrefu huzungushwa huku na huko katika meno ya ncha zake mbili, na msuguano wa meno huushika. Gitaa la nyuzi za chuma lina madai mengine. Nyuzi zake sita, zikikazwa sawasawa, huvuta kwa pamoja kwa nguvu ipatayo kilo 70.

Wengi hudhani pini ndiyo inayobeba mzigo huo. Sivyo. Mwishoni mwa kila uzi kuna kishanga cha shaba, nacho chapaswa kuegemea kibao kigumu kilichogandishwa ndani, chini ya ubao wa uso. Kibao ndicho kinachobeba. Pini humzuia tu kishanga asirudi tunduni. Pini inaporuka, mara nyingi kishanga kimekwama chini ya ncha yake na kuisukuma juu. Kuigongomea kwa nyundo hakuponyi. Huweza kulipasua daraja kufuata mstari wa matundu.

Njia iliyo bora yataka subira. Fundi hutoboa kwanza tundu jembamba, kupita daraja, ubao na kibao. Kisha huingiza chuma chenye makali ubavuni, kinachopungua unene kuelekea nchani kwa mwinamo uleule wa pini, digrii 3 au 5 kadiri ya pini alizo nazo. Hukizungusha kwa mkono, hukitoa, hupuliza vumbi, hujaribu pini. Kisha huzungusha tena kidogo, kwa maana mti ulioondolewa haurudi. Mwishoni huchonga mfereji mwembamba upande wa mbele wa tundu, uzi upate njia yake.

Tulimwona kijana mmoja wa Biharamulo akitumia alasiri nzima kwa matundu sita, huku wanakwaya wakimngoja. Wenzake walimshauri atie misumari, kwani sikukuu ilikuwa karibu. Alikataa. Msumari ungalishika siku ile, lakini ni mnyoofu tangu juu hadi chini; hugusa mahali pachache na kuutafuna mti. Pini iliyolingana na tundu lake hushika ubavu wote, na bado hutoka kwa vidole uzi unapokatika.

Basi, kabla ya mazoezi ya juma hili, wapiga gitaa wetu watie kioo kidogo na tochi ndani ya gitaa, wavitazame vishanga vyote sita. Kisichogusa kibao kirekebishwe sasa, kungali mapema.