Viatu vyetu vya arusi

Vijana wengi hutuuliza: je, mtu aweza kuvaa buti za swedi pamoja na suti? Twawajibu: aweza, tena hupendeza, lakini ajue anachofanya. Sisi tulilijua jambo hilo kwa aibu.

Baba yetu alikuwa fundi cherehani hapa Bukavu. Mdogo wetu alipokaribia kuoa, baba alitushonea suti ya buluu nzito, ingawa macho yake yalikuwa yamekwisha dhoofika. Ikawa suti yake ya mwisho. Nasi tukaenda soko la Kadutu kutafuta viatu vya kupatana nayo. Katika mitumba tukapata buti fupi za kahawia, zile ziitwazo chukka: hufika kwenye kifundo cha mguu, nazo zina matundu mawili au matatu ya kamba kila upande. Namna hiyo ilienea sana tangu mwaka 1950, kiwanda cha Clarks cha Uingereza kilipoanza kuuza za kwake. Nathan Clark alikuwa ameziona mwaka 1941 huko Burma, miguuni mwa maofisa waliozipata Cairo.

Swedi ni ngozi iliyosuguliwa upande wa ndani, hata ikawa laini kama mahameli. Sisi hatukujua lolote. Usiku wa kuamkia arusi tukaona buti zimefifia, basi tukazipaka dawa nyeusi ya viatu! Asubuhi zilikuwa na mabaka, nyuzi zake laini zimegandamana kama manyoya ya mbuzi aliyenyeshewa.

Tulitaka kuzificha, lakini baba akaziona. Hakutukemea. Alisema tu: «Mwanangu, ngozi hii haitaki mng'aro, yataka brashi.» Kisha akavua viatu vyake vyeusi, akatupa. Tukasimama karibu na altare tukiwa na viatu vyake. Naye alikaa nyuma ya kanisa, amevaa ndara.

Basi, ninyi vijana, sikieni. Kahawia nzito hupatana na suti ya buluu au ya kijivu, hasa ikiwa ni ya sufu isiyong'aa. Suti nyeusi ya karamu kubwa yataka viatu vyeusi vya ngozi laini. Suruali iguse tu juu ya buti. Ikiwa ndefu mno, hujikunja na kuharibu kazi ya fundi. Jaribuni viatu alasiri, kwa kuwa mchana kutwa miguu huvimba kidogo. Tope likishika, ngojeni likauke, ndipo mpige brashi. Zikilowa, jazeni magazeti ndani, mkaziweke mbali na moto. Na siku ya mvua kubwa ziacheni nyumbani.

Baba amekwisha kufariki. Suti tungali nayo, na buti nyingine tulinunua baadaye. Kila Jumamosi tunapozipiga brashi, twaziona tena ndara zile nyuma ya kanisa. Tulijitafutia sifa ya miguu, na heshima yetu ikaokolewa na mzee aliyekubali kuonekana maskini. Enyi wasomaji, kabla ya kutazama viatu vyenu, tazameni kwanza ni nani aliyewavika.