Madhara si neno moja

Katanga litiamu tunaijua kama madini ya Manono. Nyumbani kwetu Likasi ni vidonge vya yaya wangu, mwenye ugonjwa wa baipola. Chumvi hiyo John Cade wa Australia alionyesha mwaka 1949 kwamba inatuliza msisimko uliopita kiasi.

Karatasi ya dawa ni ya Kifaransa. Kwa Kiswahili watu huikusanya yote katika neno moja, "madhara", na neno hilo linatokana na "kudhuru". Mama akauliza: "Kama inamudhuru, anaikunywa juu ya nini?"

Nilimtengea maneno mawili. Kwanza usumbufu: kiu, kukojoa mara kwa mara, vidole kutetemeka hata jirani akadhani ni pombe. Hayo huelezwa daktari, dawa ikiendelea. Pili hatari: kutapika, kuhara, kupepesuka, ulimi mzito. Hapo litiamu huenda imezidi katika damu; hospitali siku hiyohiyo. Joto la Oktoba, jasho likitoka bila maji ya kutosha, laweza kuipandisha. Figo na tezi ya shingo hupimwa hata asipojisikia vibaya.

Yaya bado anamwaga chai kidogo. Lakini usiku analala, na mama ndiye anayemkumbusha kidonge.