Penseli Iliyonirudishia Macho

Mpenzi msomaji, naomba nikuulize swali moja kabla hatujafika mbali. Kabla hujaolewa au kuoa, kabla ya ada za shule, kikoba na vikao vya harusi visivyokwisha, wewe ulikuwa unapenda nini? Siulizi ulikuwa unampenda nani, hayo tutaongea siku nyingine. Nauliza kitu. Kile kitu ulichokuwa unakifanya mpaka unasahau kula.

Mimi nilikuwa nachora. Nilichora kwa kijiti mchangani, nilichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, nilichora nyuma ya kalenda za mwaka uliopita. Marehemu bibi alikuwa akinitunzia karatasi za kufungia vitumbua, anazikausha juani mafuta yapungue, halafu ananiambia, "Haya mjukuu wangu, nichoree mbuzi wangu."

Nikiwa darasa la tano, mwalimu alikuta kuku na vifaranga wake sita kwenye daftari langu la hisabati. Alilinyanyua darasa zima lione, wakacheka, kisha akalichana vipande viwili. Fimbo sizikumbuki, ila ule mlio wa karatasi kuchanika nausikia mpaka leo. Nyumbani nako baba, Mungu amrehemu, alinihurumia kwa namna yake. Akaniambia, "Mwanangu, kuku wa kuchora haliwi." Basi yakaisha. Nikasoma uhasibu, nikapata kazi, nikaolewa, nikazaa. Miaka zaidi ya ishirini penseli yangu ikawa ya kuweka tiki kwenye hesabu za watu.

NDOA ISIYO NA UGOMVI

Sasa usije ukadhani nakuletea habari za mume mkorofi. Hapana. Baba watoto wangu hanywi, hapigi, na analala nyumbani. Mashoga zangu wananiambia nimshukuru Mungu, na namshukuru. Lakini ukichukua simu yangu ukasoma meseji zetu za mwezi mzima, utakuta hivi: "Luku imeisha." "Gesi pia." "Nimetuma." "Sawa." Yaani mtu angeweza kufikiri ni mwenye nyumba na mpangaji.

Hatukugombana. Tuliacha tu kutazamana. Anakuja, anakula, anawasha televisheni, mimi nipo na simu yangu, watoto wamelala. Kuna siku mwenzangu mmoja kazini aliniuliza mume wangu ana ndevu au hana. Nikachukua muda kujibu. Jamani! Mtu ninayelala naye kitanda kimoja.

SAFARI YA KULEA UZAZI

Mdogo wangu ameolewa na mtu anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Amani, milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Alipojifungua mtoto wa pili akanipigia, "Dada, njoo nisaidie hata wiki mbili." Nikaomba likizo, nikapanda basi la Tanga pale stendi ya Magufuli, Mbezi, tukapita Chalinze na Segera, nikashuka Muheza. Kutoka hapo ni gari ndogo na barabara ya kona kona. Kadiri mnavyopanda ndivyo joto la Pwani linavyobaki chini, mpaka unatafuta kitenge ujifunike mabega.

Msomaji wangu, Amani si jina la bure. Ni msitu mkubwa, wenye unyevu, na miti ambayo ukiitazama juu shingo inauma. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pembe mbalimbali za dunia. Mpaka leo utakuta mkwinini, ambao gome lake lilikuwa likitengenezwa dawa ya malaria, umesimama jirani na miti ya asili ya Usambara. Tangu mwaka 1997 eneo hilo ni hifadhi ya mazingira asilia.

Asubuhi nilikuwa nafua nepi, namwogesha mtoto, nampikia mzazi mtori. Mchana wakilala wote wawili nyumba inakuwa kimya, na mtandao kule wakati mwingine unakataa kabisa. Nikawa sina cha kushika mkononi. Siku ya tatu binti mkubwa wa mdogo wangu, yupo darasa la tatu, akaniambia, "Mama mkubwa, twende nikakuonyeshe maua ya kwenye mawe."

Tukateremka hadi kijito. Pale kivulini, kwenye jiwe lenye kuvu, kulikuwa na kiua kidogo cha rangi ya zambarau, majani yake mazito na yana vinyweleo kama shavu la mtoto. Nikamwambia, "Hiki si ndicho wazungu wanakiweka dirishani?" Shemeji alinithibitishia jioni. Ua lile wanaliita urujuani wa Afrika, na asili yake ni milima ya kwetu, Tanzania na sehemu ya Kenya. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia hawajui hata Muheza ipo wapi. Nami, mtoto wa nchi hii, nilikuwa naliona nyumbani kwake kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na moja.

Sijui kilichonipata. Nikamwambia yule mtoto, "Nikopeshe daftari lako." Akanipa, na kipenseli kilichobaki kama kidole gumba. Nikakaa juu ya kandambili zangu, nikaanza kuchora.

"MAMA MKUBWA, HILO NI SAMAKI?"

Mchoro wa kwanza ulikuwa kituko. Mtoto aliutazama, akasema kwa adabu zote, "Mama mkubwa, hilo jani lako linafanana na samaki." Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Lakini kumbe nilikuwa nimekaa pale karibu saa nzima, na kwa saa hiyo sikuwaza deni wala bosi.

Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa. Na hapo ndipo nilipogundua siri ambayo nataka nikupe bure. Ukichora jani kwa kutoka kichwani, unachora lile jani ulilofundishwa chekechea, lenye ncha na mstari katikati. Ukitaka kuchora jani lililopo mbele yako, lazima uache kujifanya unalijua. Lina tundu la mdudu. Limejikunja upande mmoja. Chini yake kuna wekundu. Yaani mkono si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba macho yanaona haraka, yanasema "jani", yanaondoka.

Lipo zoezi ambalo walimu wa uchoraji hulitumia, na Mmarekani Kimon Nicolaïdes alilieleza vizuri kwenye kitabu chake kilichotoka mwaka 1941, baada ya yeye kufariki. Unakazia macho kile kitu, unaweka ncha ya penseli kwenye karatasi, halafu jicho linatembea polepole pembezoni mwa kitu na mkono unalifuata, bila kutazama karatasi hata kidogo. Matokeo yanachekesha. Lakini ukimaliza, kile kitu umekishika kichwani.

Nilimfanyia zoezi hilo kinyonga. Kule Usambara wapo vinyonga ambao dume lake lina pembe tatu usoni, na kwa mchoraji mvivu kama mimi hakuna mnyama mwenye huruma kuliko kinyonga. Ananyanyua mguu, anafikiria, anaurudisha. Hondohondo nao walikuwa wanapita juu, mbawa zao zinavuma utadhani kuna mashine angani, lakini hao sikuwaweza. Hawasubiri mtu.

Jioni nilikuwa namwonyesha mdogo wangu. Aliangalia ukurasa baada ya ukurasa huku ananyonyesha, kisha akasema, "Dada, nilidhani hiki kitu kilikufa." Nikashindwa kujibu, nikaenda jikoni kugeuza ndizi.

KURUDI DAR NA MASWALI

Nilirudi mjini na daftari langu mwenyewe, kubwa, lisilo na mistari. Nikaanza kutoka Jumamosi asubuhi. Wiki moja bustani ya mimea pale mjini karibu na Makumbusho, wiki nyingine msitu wa Pugu, wiki nyingine Kaole, Bagamoyo, kuchora ule mbuyu mkongwe kwenye magofu. Narudi saa nane mchana, nimechoka, nacheka peke yangu.

Si unajua tena watu. Jirani akaanza, "Mama nanihii siku hizi ana mizunguko." Wifi akampigia kaka yake. Na usiku mmoja baba watoto akazima televisheni, jambo ambalo si la kawaida, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kila Jumamosi unakwenda kuchora majani. Na nani?"

Hapo, shoga yangu, unaweza kuchagua. Unaweza kupandisha, "Ina maana huniamini?" Au unaweza kukaa kimya mpaka ndoa ioze. Mimi nilisema, "Jumamosi hii twende wote."

Akaja. Tukaenda Kunduchi, pwani, saa moja asubuhi. Nikataka kuchora ngalawa. Yeye akakaa juu ya gogo, anapekua simu, anapiga miayo, anauliza tutaondoka saa ngapi. Ngalawa zikasukumwa majini, zikaondoka, nikabaki sina cha kuchora. Nikageuka, nikaanza kumchora yeye.

Kwanza hakujua. Alipojua akaona aibu, "Acha bwana." Nikamwambia atulie. Dakika tano, kumi, ishirini. Na mimi nikafanya kama nilivyofanya kwa lile jani, nikaacha kujifanya namjua. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kulia. Ndevu anazo, msomaji, na zina mvi, nyingi tu, sijui zilikuja lini. Na katikati ya macho kulikuwa na mikunjo miwili iliyosimama, kama ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo sana.

Akaniuliza, "Mbona unaniangalia hivyo?"

Nikamjibu ukweli. "Mume wangu, unaonekana una kitu kinakula."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, huku anatazama bahari, kwamba kazini kwao wanapunguza watu, jina lake limo kwenye orodha, na alikuwa anajua kwa miezi mitatu. Miezi mitatu! Ndiyo maana ya televisheni. Ndiyo maana ya "Sawa." Alikuwa anaogopa kuniambia kwa sababu ya ada ya Januari.

Nilifunga daftari, nikahamia kwenye gogo lake. Tulirudi nyumbani mchana, tumechomwa na jua, tumekubaliana kuhusu ada, kuhusu kuuza gari, na kuhusu kutokumwambia wifi kwanza. Alipoteza kazi kweli, mwezi uliofuata. Mambo hayakuwa mepesi na bado si mepesi. Lakini tulilipokea tukiwa wawili.

KAMA NAWE UNATAKA KUANZA

Usisubiri vifaa. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, bila kupita chuo cha sanaa, kwa rangi za kawaida za mafuta kwenye mbao za kuezekea dari. Alifariki mwaka 1972, lakini leo mtindo wenye jina lake unajulikana dunia nzima. Wewe unahitaji penseli, daftari na kifutio, na hata hicho kifutio ukikisahau nyumbani ni bora.

Chagua kitu kimoja kinachoota: mpapai wa uani, mchicha, mwarobaini wa jirani. Kitazame dakika moja kabla hujagusa karatasi. Andika tarehe chini ya kila mchoro, na usichane hata ule mbaya. Umeshachaniwa vya kutosha. Ukisafiri, hata kama ni kwenda msibani Singida, beba daftari. Picha za simu tunapiga mia na hatuzitazami tena, lakini kitu ulichokichora hakikutoki.

Na ukiona nyumbani kumekuwa kimya sana, mwombe mwenzako akae akuchoree dakika ishirini, au akae wewe umchore. Mwambie ni zoezi tu. Baba watoto naye sasa ananichora Jumapili jioni. Kichwa anakikosea, pua anaiweka kama kiazi, na juzi alinichora nina shingo ya twiga. Lakini alipomaliza aliniuliza, "Hivi mke wangu, hilo doa la shavuni ulikuwa nalo siku zote?"

Nikamwambia ndiyo, baba. Siku zote.