Rahisi Ghali

Kaka yangu huhariri video za arusi, na karo yangu hutoka humo. Alipokuwa akiunda kompyuta ya kazi hiyo na ya michezo, muuzaji mmoja alimsukumia ramu za DDR4, ati bei ya kutupa. Aisee! Prosesa yetu ni Ryzen 7000 ya mezani, aina iliyotoka 2022. Hukaa katika soketi ya AM5, nayo AM5 hutumia DDR5 pekee. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo lililo kati ya pini halilingani, haiingii ng'o! "Kaka, wacha," nikamwambia. Tukalinganisha prosesa, madabodi na ramu, ndipo tukajumlisha wati tununue pawasaplai. Karo ikapona. Wenzangu, kabla hamjalipa, ulizeni kila kipande kitaoana na kipi.