Mvua Imezidi, Mama

Kwetu Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, mvua hailalamikiwi. Mtu mzima akiloa chapachapa husema "mvua ya kheri", basi. Nimelelewa hivyo, nikaolewa hivyo, na mavyaa wangu, ambaye tunaishi ua mmoja, ndiye aliyekuwa mlinzi wa adabu hiyo. Kwake yeye, kuinung'unikia mvua ni kumkosea Mungu.

Nami kazi zangu zote ni za kuanika: mbata, makopa ya muhogo, na dagaa ninaowafuata Kipumbwi. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, kisha kaskazi huvuma na Januari na Februari huwa jua kali. Hapo ndipo ninapopatia ada za watoto. Masika ikiingia Machi, hunikuta nimeshauza.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli hiyo ingekuja na El Nino. Waliokumbuka ile ya 1997 na 1998 walitikisa vichwa. Redio ilieleza kwa lugha nyepesi: maji ya Bahari ya Pasifiki yamepata joto, na Bahari ya Hindi nayo upande wetu ina joto kupita upande wa Indonesia, kwa hiyo mawingu yatamwagika huku. Yakamwagika. Mwanzoni mwa Desemba tukasikia ya Katesh, Hanang, tope lilivyoporomoka kutoka mlimani likaua watu zaidi ya 80. Wewe uliyeharibikiwa na mbata tu, ufungue mdomo useme nini?

Hata hivyo, iliyonishinda si Desemba, ni Januari. Kaskazi ilivuma na mvua ndani yake. Nazi nilizoziweka zikaukie kifuuni zikachipua. Nikipasua nakuta joya. Watoto wanashangilia, maana joya ni tamu, mimi natazama ada yao ikitafunwa. Makopa yakaota ukungu. Dagaa ndio usiseme: wasipopata jua siku ya kwanza, ya pili wananuka, na anayewanunua hapo ni mwenye kufuga kuku. Makuti yakaanza kuvuja, tukawa tunahamisha kitanda usiku mpaka chumba kikakosa pembe kavu. Na hata siku kajua kalipochungulia, mto ulikuwa ukishuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo. Pangani inaanzia Kilimanjaro na Meru, kwa hiyo mvua za watu wengine nazo zilitupitia mlangoni.

Jioni tuliketi jikoni, mazungumzo yote yakaishia palepale: Mungu ndiye ajuaye. Kweli ndiye ajuaye, lakini neno hilo lilikuwa likitufunga midomo. Hakuna aliyeuliza tufanye nini, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba kuna tatizo.

Ramadhani ikaingia Machi, masika ikaipokea vuli bila kiangazi katikati. Ijumaa moja mume wangu alirudi msikitini na habari ya khutba. Khatibu alikuwa amesimulia kuhusu mtu aliyemwendea Mtume kumlalamikia mvua iliyoharibu mali na kukata njia. Mtume hakumkemea. Aliinua mikono akaomba mvua hiyo iende pembezoni, vilimani, mabondeni na kwenye mashina ya miti, isiwe juu ya watu.

Nikamgeukia mavyaa, aliyekuwa juu ya mbuzi akikuna nazi ya futari.

"Mama, mvua imezidi."

Alikuna kidogo, akasita. "Imezidi, mwanangu. Hata kiuno changu kinasema hivyo."

Aliye mjini ataliona hili dogo. Kwangu ndilo lililobadilisha mambo, kwani usiku uleule, mara ya kwanza tangu vuli, tulipanga. Mavyaa akakumbuka kwamba utotoni mwake, masika hakuna aliyehangaika na mbata. Walipika mafuta ya uto: nazi mbichi inakunwa, tui zito linakamuliwa na kuchemshwa taratibu hadi mafuta yajitenge. Kazi hiyo inataka moto, haitaki jua. Kumbi na vifuu tungevikausha darini, juu ya moshi wa jiko.

Nilianza na sufuria moja ya kuazima. Mafuta ya kwanza yaliungua yakawa mekundu, tukajipaka wenyewe. Baadaye yakatoka meupe, nikayavusha kwa pantoni na kuyauza Pangani mjini. Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu Majaliwa alipoliambia Bunge kwamba mvua zile zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya 200,000, nilikuwa nakoroga tui. Nikazima jiko. Wiki iliyofuata kikatangazwa kimbunga Hidaya, vyombo vikazuiwa kwenda baharini, na hatukuvuka wala kuuza.

Siku hizi jua likitoka naanika kama zamani, ila nazi zangu nusu ni za mafuta, iwe kiangazi iwe masika. Redio ikitaja msimu ujao, mavyaa ndiye anayewanyamazisha watoto asikie. Na kila chupa ikiuzwa anadai fungu lake, kwa hoja kwamba elimu ni yake. Nampa, ingawa bei ya sufuria mpya bado hajanichangia.